Boke, Mama Hakukohoa

Boke,

Mama yako yuko salama. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Barua ulikuwa unaisoma kutoka chini, uone kwanza kama kuna aliyekufa, ndipo urudi juu kwenye salamu. Basi hakuna aliyekufa. Mama alipasuliwa jicho hapa kwetu Homa Bay, mimi ndiye niliyempa dawa ya usingizi, na hakukohoa. Hata mara moja.

Sasa ngoja nitulie nikueleze.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimefika tu, hata viatu vya thieta sijavaa, Omondi akaniita mlangoni. Omondi ni yule muuguzi wetu mrefu, uliyemwambia anafaa kubadilishia watu balbu. Akaniambia kuna mama Mkuria ameletwa na ambulensi kutoka Migori, jicho limetobolewa na chuma, na amekataa kata kata kuingia thieta kupasuliwa. "Haongei Dholuo, na Kiswahili changu amekidharau," akasema. "Nenda wewe."

Nikaenda. Boke, nilimjua kwa sweta kabla ya uso. Ile ya kahawia uliyomnunulia ulipopata kazi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, jicho la kulia limefunikwa na kikombe kidogo cha plastiki kilichobandikwa kwa plasta. Akanigeuzia lile la kushoto, na unajua ndilo lililoharibiwa na surua utotoni, linaona mwanga tu. Kwa hiyo hakuniona. Nikasema, "Mama, habari ya asubuhi," na yeye akainua kichwa, akasema:

"Hiyo ni sauti ya Adhiambo. Yule Mjaluo wa Boke."

Nilishika chuma cha kitanda. Sikulia. Nililia baadaye, chooni, kwa muda mfupi, kisha nikanawa uso.

Ilivyotokea ni hivi. Jembe lilikuwa limelegea kwenye mpini. Mtu mwingine angemngoja jirani. Mama yako na kungoja, mwenyewe unajua. Akaliweka jembe juu ya jiwe, akachukua nyundo, akagonga. Kipande cha chuma, kidogo kama punje ya wimbi, kikaruka kikaingia jichoni. Na si jicho lolote, ni lile moja analoonea. Lile analoonea njia, moto wa jikoni, na uso wa mwanao Weigesa anapotoka shuleni.

Daktari wetu wa macho, Odera, alinieleza akiwa amenishika begani, maana aliona nimemjua mgonjwa. Jicho lilikuwa limepasuka mbele. Kilichomo ndani kilikuwa bado ndani, lakini kwa neema tu. Mgonjwa akikaza tumbo, akitapika, akikohoa, shinikizo linapanda na vya ndani vinaweza kutoka kupitia kile kidonda. Vikitoka havirudishwi. Ganzi ya kudunga kando ya jicho nayo haikufaa, kwa sababu ingelibana jicho lenyewe. Ilibidi alale usingizi kamili.

Haya yote wewe huhitaji kuelezwa. Lakini naandika yote, kwa sababu nikikueleza kazi mkono wangu unatulia, na nikiacha kazi nikaanza mengine… tuendelee na kazi.

Unakumbuka chuoni, mara ya kwanza tulipoona mtu akikohozwa na dawa? Sote wawili tumesimama nyuma ya mwalimu kama kuku waliolowa. Mgonjwa alikuwa fundi wa maboti kutoka Sindo, kifua kipana, amekuja kwa ajili ya ngiri. Mwalimu akadunga fentanili, ile dawa ya maumivu tunayotanguliza kabla ya usingizi. Akaisukuma yote kwa mkupuo. Kufumba na kufumbua yule mwanamume akaanza kukohoa, akakohoa hadi uso ukavimba na mishipa ya shingo ikasimama, huku mikono imefungwa na macho yanatuuliza tumemfanya nini. Kisha dawa ya usingizi ikamchukua. Mwalimu akasema, "Msiogope, hicho kikohozi cha fentanili ni kawaida."

Nawe ukauliza, kwa ile sauti yako ya kutojali cheo cha mtu, "Ni kawaida ya nani, mwalimu? Ya kwetu au ya kwake?"

Darasa zima likageuka. Mimi nilitaka sakafu inimeze. Mwalimu lakini alikuwa mtu mwema. Alicheka, akakubali kuwa hilo ni swali, na wiki iliyofuata akatuletea majibu. Akatufundisha kwamba dawa ikiingia haraka ndipo kikohozi kinapoamka. Kwamba unaweza kuizimua na kuisukuma kidogo kidogo. Kwamba ganzi ya lignokeini kidogo mshipani, ikitangulia, inatuliza koo. Kwamba ukitoa kwanza tone la fentanili yenyewe, ukangoja, mwili unapata habari na haushtuki ile nyingine ikija. Wengine waliandika wakasahau. Wewe uliifanya dini.

Ulipopangiwa Migori na mimi Homa Bay, salamu yako ya simu haikuwa "habari". Ilikuwa, "Leo nani amekohoa?" Na tukikutana Rongo Jumamosi, katikati ya njia zetu, samaki anapoa mezani wewe unanionyesha kwa kijiti cha meno jinsi ya kusukuma sindano polepole. Ulikuwa unaimba wimbo wa kanisa ubeti mzima huku unasukuma, kwa sababu, ulisema, mtu anayeimba hawezi kuharakisha. Mwenye hoteli alidhani tunafanya maombi.

Na ile ya kupuliza! Hiyo ndiyo uliipenda kuliko zote, kwa kuwa haihitaji dawa wala chombo. Kabla ya kudunga unamwambia mgonjwa avute pumzi kisha aitoe nje kwa nguvu, mdomo wazi, huu, kama anayetia ukungu kwenye kioo. Wazee wa Uriri walikuwa wanapuliza hadi ndevu zinatikisika, na thieta yote inacheka, na mzee mwenyewe anacheka, na analala akiwa bado anatabasamu. Ulisema nusu ya kazi yetu ni hiyo, mtu aingie usingizini bila hofu.

Basi nirudi wodini.

Nilivuta kiti nikakaa mbele ya mama yako. Akaniambia, "Mimi humo siingii, binti yangu. Boke aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe."

Ni kweli uliingia kwa miguu yako. Nilikubebea begi.

Akaendelea, "Mtoto wangu ndiye alikuwa analaza watu. Sasa hayupo. Mimi nitalazwa na nani?"

"Na mimi, Mama."

Nilishangaa jinsi neno lilivyotoka. Sikulitafuta. Lilitoka tu, limenyooka. Nikamweleza yote kwa utaratibu, jicho lilivyo, tutakachofanya, na kwa nini kukohoa ndiko adui mkubwa siku hiyo. Sikumficha kwamba tukikaa bila kufanya kitu jicho litaoza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwisho akasema:

"Boke alisema wewe ni mkaidi."

"Naye alikuwa mkaidi, Mama."

"Nyinyi wawili mnapenda maneno sana. Haya. Niondolee hiki kitambaa kichwani, twende."

Alisema "nyinyi wawili mnapenda". Sikumsahihisha.

Mkuu wangu aliniuliza kando kama nataka mwingine ashike kazi hiyo. Swali la haki. Nilinyoosha mkono mbele yake, kama tulivyokuwa tukipimana siku za mtihani. Mkono ungetetemeka ningempa mwenzangu kazi bila aibu. Haukutetemeka. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Daktari Odera naye akauliza jambo la maana tulipokuwa tunapanga. Kama fentanili inakohoza, kwa nini tusiiache kabisa? Nikamwambia nimelifikiria. Lakini bila hiyo, wakati ninaingiza mpira wa pumzi kooni, mwili ungeruka kwa maumivu hata mtu akiwa amelala, na shinikizo lingepanda vilevile kupitia mlango mwingine. "Niipe," nikasema, "ila niipe kwa adabu." Akafikiri, akasema sawa, ataniachia kichwa na mimi nimwachie jicho. Tukaelewana hivyo.

Na hapa, Boke, ndipo nilipoachana na wewe kidogo. Ile ya kupuliza sikuitumia. Kupuliza kwa nguvu nako kunapandisha shinikizo, na kwa jicho lililo wazi hilo ni kujitafutia balaa. Najua ungebisha. Ungesema, pumzi moja tu, nyepesi tu. Nilikusikia kabisa ukibisha, pale ninapovuta dawa kwenye bomba la sindano. Nikakujibu moyoni, hapana, leo hapana. Na sikuhisi kwamba nimekusaliti. Nilihisi kama mtu aliyefundishwa vizuri.

Tukamlaza kichwa kimeinuliwa kidogo. Nilimshikia barakoa ya oksijeni mwenyewe, juu juu, isiguse kile kikombe cha plastiki. Nilichagua mshipa mdogo wa mkono. Lignokeini ikatangulia, nikangoja. Fentanili nilikuwa nimeizimua hadi ikawa nyepesi, nikatoa tone la kwanza, nikangoja tena. Omondi alikuwa anaangalia saa ya ukutani kwa niaba yangu, mimi naangalia koo la mama yako. Kuimba siwezi, kwa hilo ulinisimanga miaka yote. Kwa hiyo nikamwomba yeye anisimulie.

"Mama, niambie siku aliyozaliwa Boke."

Akaanza, polepole, na mimi nikasukuma kwa mwendo wa maneno yake. Akasema kulikuwa na mvua ya mawe, mahindi yamelala chini, baba yako anazunguka nyumba hajui akae wapi. Akasema ulitoka ukiwa kimya, wakakupiga makalio, ukawatazama tu. "Hakulia," akasema, "alikuwa kama anauliza…"

Hapo koo likacheza.

Niliona lile donge la koo linapanda na kushuka. Kifua kikasita. Nilisimamisha mkono. Omondi aliacha kupumua kabisa, nakuapia, na Daktari Odera aliyekuwa ananawa mlangoni akasimama na viwiko juu, maji yanachuruzika. Sikuongeza, sikurudisha. Niliweka kiganja changu cha kushoto begani mwake nikasema, "Niko hapa, Mama. Alikuwa kama anauliza nini?" Akameza mate. Mara moja. Kumbe yalikuwa mate tu. Akasema, "Kama anauliza mbona mna kelele," kwa ulimi mzito, na akatabasamu upande mmoja.

Nikamalizia iliyobaki, polepole kuliko mwanzo. Kisha ile dawa ya usingizi, nyeupe kama maziwa. Kisha ile ya kulegeza misuli. Mpira ukaingia kooni pake na hakuna kilichoruka, wala mstari mmoja kwenye mashine haukushtuka. Omondi akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Daktari Odera akasema, "Haya, sasa ni zamu yangu," na akaja na uzi wake mwembamba usioonekana.

Kipande cha chuma kilitoka. Nilikiona kwenye kibakuli, kidogo cha kuchekesha.

Kuamka nako kuna kikohozi chake, na huo ndio uliokuwa mlima wa pili. Nilimwondoa mpira angali amelala vizuri, anajipumulia mwenyewe, koo limetulizwa tena. Akaamka kama mtu anayeamshwa na jogoo wake mwenyewe. Neno la kwanza alilosema lilikuwa "mkoba wangu uko wapi?"

Siku walipofungua bandeji nilikuwa kwenye mapumziko lakini nilikwenda. Tulikuwa tumejazana hapo, Daktari Odera, Omondi, mimi nyuma yao. Daktari akafuta jicho kwa upole, akasogea pembeni, akasema, "Mama, tazama mbele, uniambie unaona nini." Mama yako akakunja uso. Akapepesa. Macho yetu yakakutana, na safari hii yalikutana kweli. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Naona msichana mkubwa," akasema, "ambaye hajachana nywele."

Omondi alicheka hadi akatoka nje. Mimi nilishika kichwa changu na ni kweli, Boke, nilikuwa nimetoka nyumbani mbio.

Haoni kama zamani. Ukungu kidogo umebaki pembeni, na Daktari anasema baadaye huenda akahitaji miwani. Lakini anaona. Juzi amenisifia kanga ya mwanamke aliyepita ng'ambo ya barabara.

Habari nyingine ni chache. Kule Migori wameweka mtu mahali pako, kijana mpole kutoka Oyugis, kwetu. Nilikwenda kumsalimia, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Sikuweza. Alikuwa anasukuma fentanili polepole, midomo inacheza kama anayesoma dua, nikamuuliza anafanya nini. Akasema wauguzi wa thieta walimwambia hapa ndivyo inavyofanywa. Hakujua ni nani aliyeanzisha. Nikamwambia jina lako mara mbili, ili asisahau. Na mimi sasa wananiletea wanafunzi. Siku ya kwanza nawauliza, kikohozi ni kawaida ya nani? Wananitazama kama tulivyomtazama mwalimu siku ile. Sijali. Wanaelewa baadaye, wakimwona mgonjwa wa kwanza aliyeingia usingizini kwa amani.

Mama aliporuhusiwa nilimsindikiza mwenyewe hadi nyumbani kwenu, upande wa Kehancha. Kaburi lako limeota nyasi nzuri. Wimbi shambani limeshika. Jembe lile lina mpini mpya, na nyundo jirani ameificha.

Weigesa amekuwa mrefu. Ana paji lako la uso, na maswali yako. Jioni tulikaa nje, yeye anamenya ndizi, akaniuliza bila kunitazama:

"Bibi anasema mama alikuwa analaza watu. Wakishalala, mama alikuwa anaenda wapi?"

Bibi yake aliacha kupepeta wimbi. Nikamwambia ukweli wa kazi yetu, kwa sababu ndio jibu pekee nililokuwa nalo.

"Haendi popote. Anakaa pale pale kichwani mwa mtu, anamwangalia anavyopumua, hadi aamke."

"Wote?"

"Wote."

Akawaza. Akala ndizi. Akaona ndama amefungua kamba, akakimbia kumfuata, na maongezi yakaishia hapo.

Lakini mimi sikuacha kuwaza, Boke. Siku yako ya mwisho, pale wodini, mwili wako ukiwa umechoka kupigana na ile kansa ya damu, sikuwa na sindano mkononi. Sikuwa na mashine wala dawa nyeupe wala nyingine yoyote ya kukusaidia. Watu waliingia wakatoka. Mimi nilikuwa kichwani pako, nahesabu pumzi zako kwa mazoea, nazo zikawa zinaachana, zinaachana… Nilijua kabla ya wote. Hukuamka. Nami sikuondoka hadi walipokuja kukuchukua.

Sijawahi kukwambia hilo. Sasa nimekwambia.

Nakuahidi haya. Mama yako nitakuwa naenda kumtazama jicho kila nikipata mapumziko, na nitachana nywele. Wanafunzi nitawafundisha, na kesho wakipata njia bora kuliko zetu nitajifunza kwao. Na Weigesa siku atakayouliza jinsi ulivyokufa, asije akamuuliza mtu mwingine. Aniulize mimi. Sitamwambia Mungu alikupenda zaidi, wala kwamba umesafiri. Nitamwambia ulivyokuwa, na ulivyougua, na nani alikuwa karibu nawe.

Kesho nina wagonjwa watatu. Wa kwanza ni mama wa Sindo, mwoga sana, leo ameniuliza mara nne kama nitakuwepo. Nimemwambia nitakuwepo.

Kwetu mtu akiondoka tunamwambia oriti, yaani uwe salama. Siku ya mazishi yako sikuweza kulisema. Oriti, Boke.

Wako,
Adhiambo